Ulinganisho: sufu, glavu mbili au mifuko ya usukani wa baiskeli kwa asubuhi za baridi?

Pedali_Makete: Habari zenu, ndugu. Huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza kwenda kazini, mwendo wa kilomita 9, na Julai hii umande unaganda juu ya nyasi. Nina glavu za sufu za mtumba, lakini nikifika vidole vimekufa ganzi kiasi kwamba siwezi kuzungusha ufunguo wa kufuli la baiskeli. Naomba maoni ya waliojaribu njia nyingine.

Mama_Limuru: Pole, ndugu yangu. Sufu peke yake haizuii upepo: hewa ikiwa nyuzi 0 nawe unakwenda kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 5 chini ya sifuri. Mimi huvaa glavu za sufu na juu yake zile za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa ili zisibane damu. Watoto wa shule hunicheka, lakini manyunyu hayanipati. Kasoro yake ni jasho, kwani baada ya nusu saa ya kupanda vilima sufu huwa imelowa kwa ndani, na sufu mbichi mteremkoni ni adhabu.

Msafiri_Minneapolis: Huku Januari baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri si ajabu, na kwangu mifuko ya usukani, ile ya kitambaa inayofungwa kwenye usukani kukinga mikono, imeshinda kila kitu. Mkono huingia mfukoni pamoja na mkono wa breki, upepo unabaki nje, na ndani unavaa glavu nyepesi tu. Glavu zinazokusanya vidole vinne pamoja hupasha joto kuliko zenye vidole, ila kushika breki kwazo ni kazi. Usifunge mifuko kwenye kifundo cha mkono. Ukianguka, mikono itoke yenyewe.

Fundi_Spoku: Nakubaliana na kaka, kwa sharti moja. Niliwahi kumshonea mteja mifuko kwa gunia la nailoni na blanketi kuukuu, pindo likanasa kati ya mkono wa breki na usukani, naye akasimama chini kabisa ya mteremko. Tangu siku hiyo hukata kitambaa mbali na breki na kuijaribu kabla ya mtu kuondoka. Kifua nacho kikingwe, maana mwili ukipoa hupunguza damu iendayo vidoleni.

Pedali_Makete: Asanteni sana. Fundi, breki zangu ni zile za vyuma virefu zisizo na waya. Mfuko utakaaje?

Fundi_Spoku: Ushonwe mpana, upasuliwe upande wa chini palipo na chuma, kisha ufungwe kwa kamba kwenye usukani. Chuma kikiendelea kugusa kitambaa, acha mifuko, uvae glavu mbili kama Mama alivyoeleza, na ubebe jozi kavu ya sufu ya kurudia jioni.