Meza ya miguu ya bati lililokunjwa: nimruhusu fundi aikwangue?

Mkaazi wa Kizingo

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mwaka jana nilinunua meza kuukuu kutoka nyumba moja ya Mji wa Kale ambayo wenyewe walikuwa wakihama. Ubao wake ni wa mwaloni, na miguu yake imetengenezwa kwa bati nene la chuma lililokunjwa likaacha uwazi ndani. Kila mguu ni mpana pale unaposhikana na kiunzi, kisha unakonda hadi chini, mfano wa bikari iliyopanuliwa. Rangi ni kijani kilichopauka, na upande uliokuwa ukielekea dirishani imeanza kufura kwa kutu. Jamaa yangu mmoja asema inafanana na kazi za Jean Prouvé, mbunifu wa samani na nyumba za chuma wa Ufaransa. Fundi naye ataka kuikwangua yote kwa msasa wa mashine, aipulize rangi nyeusi, na ubao aubadilishe kwa mvule. Arbuni nimekwisha kumpa. Nimruhusu aendelee?

Mwalimu wa sanaa, Tudor

Wa alaykum salaam. Tafadhali ndugu yangu, msimamishe leo hii. Prouvé, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki 1984, alianza kama mwanagenzi wa mhunzi, na hata alipokuwa na kiwanda chake karibu na mji wa Nancy, Ufaransa, alikifikiria kiti au meza kama mtu anayelijua bati kwa mikono yake. Alikunja bati ili lipate nguvu bila kuongezewa uzito, na akaupa mguu unene mahali unapobeba mzigo tu. Kiti chake maarufu cha mwaka 1934 chaonyesha jambo hilo waziwazi: miguu ya nyuma, inayobeba uzito wa mwili, ni mipana, ilhali ya mbele ni mirija myembamba. Meza zake za miaka ya 1950 zinazoitwa Compas, yaani bikari, zafuata fikra hiyo hiyo.

Hata hivyo, umbo pekee halithibitishi kitu, kwa kuwa waigaji ni wengi na baadhi ya meza zake zinatengenezwa upya hadi leo. Atakayeichunguza ataangalia mikunjo, mishono ya kuchomelea, skrubu na matabaka ya rangi. Ukiikwangua rangi na kuutupa ubao, utakuwa umemwondolea ushahidi ambao hakuna pesa itakayourudisha. Kazi za Prouvé zilifika Afrika pia: nyumba zake za chuma zilijengwa Niamey mwaka 1949 na Brazzaville mwaka 1951, kisha baada ya miaka mingi zikafunguliwa vipande na kupelekwa Ulaya. Vitu hivi huondoka kwetu kabla hatujajua tulikuwa na nini, nami jambo hilo laniuma.

Fundi chuma, Majengo

Naongeza la kutu tu. Msasa wa mashine hula bati haraka zaidi kwenye ukingo wa mkunjo, na hapo ndipo nguvu ya mguu ilipo. Adui wako ni chumvi ya upepo wa bahari, ambayo huingia chini ya rangi na kuvuta unyevu. Pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe papo hapo, kisha upake nta nyembamba. Palipofura usipabandue. Chungulia pia ncha za miguu kwa chini, kwani maji ya kupigia deki hujificha humo.

Mkaazi wa Kizingo

Nawashukuru sana. Jana usiku tuliipindua juu ya mkeka mimi na mwanangu, tukamulika kwa tochi. Chini ya kijani, pale kiunzi kinapogusana na ubao, pana rangi nyekundu iliyoiva ambayo haijapata kuona jua, na matundu ya skrubu kwenye mwaloni yalingana na ya chuma bila dalili ya kutobolewa mara ya pili. Nimeipiga picha kila upande na kuiondoa dirishani. Fundi ameridhia ile arbuni aitumie kunitengenezea mlango wa jikoni.

Mwalimu wa sanaa, Tudor

Hiyo nyekundu msiiguse kabisa. Pima pia unene wa bati na urefu wa kila mguu, uviandike pamoja na picha hizo, kisha uulize waliokuuzia meza hiyo iliingiaje nyumbani kwao.