Coaster za chekechea kutoka Japani kwa biashara ya kukodisha: tuchukue ipi?

MamaShule_Moro aliandika:

Habari za humu wakuu. Naombeni ushauri kabla hatujatuma hela.

Niko Morogoro. Nina Coaster moja ya zamani, niliinunua mkononi kwa mtu. Siku za kazi inabeba wanafunzi, wikiendi inakodishwa: harusi, kwaya, misiba ya kwenda Kilosa, Mahenge, mpaka Iringa. Kazi zipo hadi nazikataa. Jumamosi moja wanapiga simu makanisa mawili na familia yenye msiba, na gari ni hilo hilo. Sasa tumekaa akina mama wanne, tumeamua kuongeza mbili, na tuagize wenyewe Japani badala ya kununua gari ambalo hatujui limepita kwa nani.

Tumeona tatu mtandaoni. Ya kwanza Coaster ya 2002, injini 1HZ, gia za mkono, ilikuwa ya chekechea huko Niigata. Kilomita 94,000 tu. Karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari, ina gredi 3.5, na kwenye ule mchoro wa gari kuna herufi S sehemu kadhaa. Muuzaji anasema ni mambo ya kawaida. Kwenye viti wameandika 3/39, sijaelewa. Ya pili Coaster ya 2009, injini N04C, ilikuwa ya hoteli Fukuoka, gredi 4, ila ina kilomita 210,000 na bei iko juu. Mume wangu anasema hiyo imeshachoka. Ya tatu ni Rosa, basi dogo la Mitsubishi, ya 2004, bei rahisi kuliko zote.

Fundi wetu wa pale Msamvu anaipenda ya kwanza, anasema ya pili ni "ya kompyuta" na yeye hataki kuigusa. Wenzangu nao wanaitaka ya kwanza kwa sababu ya kilomita. Mimi moyo wangu haujatulia. Na gari likishafika, tuwe tumebakiza hela kiasi gani?

Mzee_wa_Kitonga alijibu:

Mama, hongereni kwa kuamua kwa pamoja. Mimi nipo Iringa, nina Coaster tatu, zote zimetoka Japani na zote ni za kukodi. Nitaandika kwa kirefu maana hela ya kikundi si ya kujaribia.

Nianze na hiyo 3/39. Ni watu wazima watatu na watoto thelathini na tisa. Hilo basi lilitengenezwa maalumu kwa watoto wa chekechea, viti vyake ni vya kimo chao. Mtu mzima hakai. Vitatoka vyote, kwa hiyo bei uliyoiona ni bei ya gari lisilo na viti, ihesabu hivyo. Na siku ya kufunga viti vipya simama pale mwenyewe. Usikubali miguu ya kiti ichomelewe juu ya bati la sakafu. Itobolewe, boliti ipite, upande wa chini kikae kipande cha chuma kipana ndipo nati ikazwe. Nilishaona pale Ruaha Mbuyuni kiti cha watu wawili kimeng'oka na waliokikalia kwa sababu tu dereva alifunga breki kukwepa mbuzi. Kilikuwa kimechomelewa.

Sasa kilomita. Kwa heshima zote kwa mzee wa nyumbani, hapo sikubaliani naye. Basi la chekechea linawashwa asubuhi, linakwenda mtaa mmoja, linasimama, mtoto anapanda, linaondoka, linasimama tena. Injini haipati joto lake sawasawa, oili inajaa uchafu. Klachi, breki, stata na mlango vimetumika sana kuliko kilomita zinavyoonyesha. Halafu likizo linalala uwanjani, mipira ya maji na sili zinakauka. La hoteli linachukua wageni uwanja wa ndege, linanyoosha barabara nzuri, linarudi. Na Japani sheria inataka basi likaguliwe kila mwaka, kwa hiyo hizo 210,000 si za kutelekezwa. Mimi kilomita nyingi za barabara kuu hazinitishi. Kinachonitisha ni kutu.

Na hapo ndipo ya kwanza inaponikosesha usingizi kwa niaba yenu. Hizo S kwenye mchoro ni kutu. Ukikuta C, kutu imeshaanza kula bati. Niigata ni upande wa theluji nyingi, na barabara za huko wakati wa baridi humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inakaa chini ya gari miaka. Injini ya 1HZ utaifungua ukaifunga hata mara tatu ikaendelea kukupa kazi, lakini chesisi iliyoliwa hakuna fundi wa kuirudisha. Utachomelea leo hapa, mwezi ujao pale, na siku ya ukaguzi trafiki anagonga kwa nyundo anatoboa.

Mwambie muuzaji akupige picha akiwa chini ya gari, si kutoka pembeni. Ngazi ya mlango wa abiria kwa chini. Ndani ya matao ya matairi ya nyuma. Pale vyuma vya chesisi vinaposhika bodi. Sehemu zinapokaa betri. Na mabomba ya breki yanayopita juu ya difu, hayo myaangalie kwa kukuza picha, yakiwa na magamba ya kahawia acheni gari. Ukiona chini kote kumepuliziwa rangi nyeusi mpya inayong'aa, ombeni picha za kabla ya rangi. Hana, acheni.

Kuhusu injini, fundi wenu hajakosea. 1HZ ni silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta, na ndiyo ile ile iliyoko kwenye Land Cruiser za hospitali na mashirika, kwa hiyo spea utazipata hata Ifakara. Ikifika tu, kabla ya safari ya kwanza, badilisheni taimingi belti pamoja na beringi yake ya kukazia na pampu ya maji. Msiulize imebadilishwa lini. Belti ya 1HZ ni ya kilomita 100,000 na ikikatika vali zinapigana na pistoni. Ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi isiwatulize, mtu anaweza kuirudisha sifuri bila kugusa belti. Na fundi akiwaambia mtoe thamostati ili gari lisichemke, kataeni. Inasimamia maji yapite wapi, bila hiyo mengine yanazunguka bila kufika kwenye rejeta, na mlima kama Kitonga ukiwa na watu thelathini utaona sindano ya joto inapanda.

Rosa si gari baya. Ila angalia Morogoro ni wangapi wanazo. Kama ni wachache, kila spea itakuwa ya kusubiri basi kutoka Dar.

Kwa hiyo mimi nisingechukua hata moja kati ya hizo tatu. Ningetafuta 1HZ ya hoteli au ya kituo cha wazee kutoka kusini: Fukuoka, Kumamoto, Kagoshima, huko theluji ni kidogo. Kilomita laki mbili zikae tu. Zipo, zinataka subira ya mnada mmoja au miwili.

Hela ya kubakiza: mimi gari halipandi meli kama sina pembeni robo ya bei niliyolinunulia, mbali na kodi. Inaishia kwenye matairi sita, viti, belti, betri mbili, bushi na lainingi za breki. Matairi yanayokuja nalo, someni zile tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka. Kashata nzuri, yaani meno ya tairi, si kitu kama tairi lina miaka kumi.

La mwisho ni dereva. Basi la kukodi usimpe dereva kwa hesabu ya siku kama daladala. Akiwa na hesabu ya kuleta ataokota abiria njiani akirudi, na leseni yako ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, ni ya kukodi, si ya njia. Mlipe mshahara na posho ya safari, dereva mmoja gari moja, na daftari likae ndani ya gari: oili kilomita 5,000, maji ya breki, kila kitu kwa tarehe. Wenye msiba hawakusamehe ukiwalaza Mikumi na jeneza liko mbele linasubiriwa kijijini. Na wana haki. Hao ndio wateja wetu, na wanaambiana.

Wakala_Kurasini alijibu:

Mzee kamaliza kwenye gari, niongeze bandarini tu. Dada, ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kulipia, weka aina, mwaka na ukubwa wa injini. TRA wana thamani zao, hata ukinunua kwa bei ya bure kodi haitashuka chini ya hapo. Na mwaka unaoangaliwa ni wa kutengenezwa. Gari lililozidi miaka kumi lina ushuru wa ziada wa uchakavu, uhesabu mapema.

Kwa sababu mko wanne, amueni sasa hivi jina la nani linaingia kwenye hati ya meli. Likiingia la mtu mmoja, kadi ya gari itatoka kwa jina lake, na mimi nimeona vikundi vikivunjika hapo. Sajilini kampuni kwanza. Kodi ilipwe meli ikiwa bado njiani, maana siku za bure bandarini zikiisha gharama za kuhifadhi zinakimbia. Ombeni pia picha za ndani siku ya kupakia: redio, jeki, tairi la akiba, vioo vya pembeni. Vikipungua mna pa kuanzia kudai.

Fundi_Umeme_Gerezani alijibu:

Mimi nitetee kidogo hiyo N04C. Ni injini nzuri, ya Hino, inakula mafuta vizuri. Tatizo lake ni mafuta machafu na fundi asiye na mashine ya kupima. Nozeli zake zinafanya kazi kwa presha kubwa sana, maji kidogo kwenye dizeli zimekwisha. Mtu wa Dar mwenye fundi wa uhakika aichukue. Mtu anayekwenda Mahenge na kujaza dizeli ya madumu, namuunga mkono mzee.

Kilichonileta hasa ni umeme. Coaster nyingi za Japani ni volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Mkifunga redio, spika za harusini, taa za rangi na chaja za simu, mafundi wengi wanachukua waya kutoka betri moja kwa sababu vitu hivyo ni vya volti 12. Vitawaka, utafurahi. Lakini betri ile inayonyonywa haijai tena, na mwenzake inapokea chaji kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka. Baada ya muda zote mbili zimekufa na unaambiwa altaneta mbovu. Mnabadilisha altaneta nzima, na tatizo liko pale pale. Funga kifaa cha kushusha 24 kuwa 12, cha ampea za kutosha, na kila kitu cha muziki kitoke hapo, na fyuzi yake. Betri zikibadilishwa zibadilishwe mbili kwa pamoja, aina moja.

Makanga_Voi alijibu:

Nawafuatilia kutoka Kenya. Nyinyi mko na nafasi ambayo sisi hatuna. Hapa gari la mitumba likizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii, kwa hivyo Coaster ya 2002 hatuwezi kusajili. Wengi wetu tunachukua lori la Isuzu NQR na kujengewa bodi ya basi hapa hapa. Viti vya kufunga kwa boliti, huyo mzee asikizwe. Nimefanya kazi kwa wajenzi wa bodi na hiyo plate ya chini ndiyo wateja huambiwa wasilipie.

MamaShule_Moro alijibu:

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimewasomea wenzangu jioni hii. Ya Niigata tumeiacha. Muuzaji nimemwomba picha za chini akanitumia moja tu, nyeusi, inang'aa. Tumemwambia atutafutie 1HZ za kusini kama mzee alivyosema, na keshokutwa tunakwenda kwa mwanasheria kuhusu kampuni.

Bado kitu kimoja. Hizi mpya tulitaka nazo zibebe wanafunzi siku za kazi. Je, tuzipake njano?

Mzee_wa_Kitonga alijibu:

Marahaba mama. Moja ipakeni, moja iacheni nyeupe. Ya shule ina mkataba, inawapa hela ya kila mwezi ya mshahara wa dereva na bima, ila mwezi wa 6 na wa 12 inalala, humo ndimo muiingize gereji kwa kazi kubwa. Nyeupe iwe ya kukodi tu. Wenye harusi hawapendi kushukia ukumbini kwenye basi la njano lenye jina la shule, na mwezi wa 12 watu wanasafiri kwenda kwao, nyeupe haitapumzika. Ile yenu ya zamani ndiyo ibaki ya akiba, msiiuze kwa sababu mpya zimefika. Mwenye magari matatu anaweza kuahidi mawili.

Picha za hizo za kusini zikija zibandike hapa, ya mabomba ya breki iwe ya kwanza.