MREJESHO: Rejeta inayotobokatoboka, kisa kilikuwa masi ya feni (waya wake wa hasi)

Wandugu, niliuliza kwa nini rejeta ya alumini inatoboka mara mbili ndani ya mwaka mmoja hapa Goma. Mliniambia nipime umeme ndani ya maji yake. Nimepima.

Mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu ndani ya maji bila kugusa chuma. Gari limezimwa: 0.06. Injini inawaka: 0.12. Feni ilipoanza tu: 0.62! Mlisema isizidi 0.1, na ikifika 0.3 alumini inaliwa. Masi ya feni ilifungwa kwenye kishikizo cha rejeta, na mkanda wa masi kati ya injini na bodi ulikuwa umeliwa na kutu, basi umeme ukajipitia majini.

Sasa masi ya feni inaenda kwenye bodi, chuma kimekwanguliwa mpaka kikang'aa kabla ya kukaza boliti. Mkanda ni mpya. Mfumo nimeusafisha, nikajaza kulanti (dawa ya kupoza injini) nusu, na nusu maji ya betri yasiyo na asidi. Tafadhali msijaze maji ya Ziwa Kivu: yana chumvi nyingi, yanapitisha umeme vizuri mno. Ya mvua pia hapana, moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia asidi.

Vyote vikiwashwa, taa na feni, mita inasoma 0.05. Aliyeuliza kuhusu volti zinazobaki majini hata nyaya za betri zikifunguliwa: hapo kulanti yenyewe imechoka, imwage. Nitapima tena baada ya miezi 3.