Nichanganye Boran na Angus ili nyama ilainike? Naombeni ushauri

Mfugaji_Kongwa: Wakuu, shikamooni. Nina ng'ombe wa asili na Boran wachache. Mteja wangu wa hoteli Dodoma karudisha nyama mara ya pili, anasema ngumu. Nikitia damu ya Angus, ng'ombe wa nyama wa kizungu, nyama ya chotara italainika? Silali.

Bi_Supu: Mdogo wangu, paka papai bichi. Nauza supu miaka tisa, hajarudisha mtu.

Vet_Mstaafu: Italainika kiasi. Zebu, yaani hao wako wa asili, na Boran wana kalpastatini nyingi, inayozuia kalpeini, kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama baada ya kuchinja. Angus anayo kidogo, na mafuta yanapenya ndani ya mnofu. Ila unachinja wa umri gani? Unatundika siku ngapi?

Mfugaji_Kongwa: Umri wa kawaida tu, mzee. Swali langu ni damu.

Vet_Mstaafu: Kawaida ni meno mangapi?

Laigwanan: Baba alileta chotara saba. Watano waliondoka na ndigana kali, ugonjwa wa kupe, kabla masika hayajaisha. Anayekosa maji ya josho asiguse damu ya kizungu.

Mfugaji_Kongwa: Haya. Ni maksai wa kulimia, miaka minane, meno yamejaa. Nachinja saa kumi alfajiri, saa mbili nyama iko hotelini. Lakini damu lazima nibadili, nimeshahimilisha mitamba kumi na mmoja. Nimelipa.

Vet_Mstaafu: Maksai wa miaka minane, hajatundikwa hata usiku mmoja! Hata Angus angekuwa mgumu. Chinja kabla ya miaka mitatu, utundike kwenye chumba cha baridi wiki moja, nyuzijoto sifuri hadi nne. Ungeanza na hilo, ni nafuu kuliko mbegu.

Mfugaji_Kongwa: Nitafanya, ila Angus nabaki naye. Ng'ombe wangu wamechoka kudharauliwa.

Kibao_Kata: Hii chai. Hoteli gani inanunua maksai wa jembe? Na mbegu ya Angus umeipata wapi? Weka picha ya mirija ya mbegu.

Bi_Supu: Mwacheni kijana jamani.

Mfugaji_Kongwa: Kaka, sijatunga. Kamera ya simu imekufa. Mirija mitupu ninayo kwenye kopo la maziwa, nasoma hapa: namba, halafu CH, halafu namba tena. Yote kumi na mmoja.

Vet_Mstaafu: CH ni Charolais. Angus huandikwa AN.

Kibao_Kata: Pole kaka. Nafuta neno langu.

Mfugaji_Kongwa: Charolais si ng'ombe wa nyama pia?

Vet_Mstaafu: Ni wa nyama, ila ndama wake ni mkubwa na mtamba wa zebu nyonga ni nyembamba. Miezi ya mwisho usiwanenepeshe, na mtafute daktari sasa, si usiku wa kuzaa. Wa kwanza ana mimba ya miezi mingapi?

Mfugaji_Kongwa: Saba na nusu. Ndiye mdogo kuliko wote.