Nimelipia mguu wa nyuma, nimeletewa bega na shingo. Hawa wachoma nyama wanatuona wajinga?

Nimengoja tangu Jumapili hasira ipoe ndipo niandike. Leo ni Jumatano na haijapoa, kwa hiyo mtanivumilia.

Jina la mahali silitaji. Ni upande wa Thika Road, kuna viti vya plastiki, bembea za watoto na muziki wa kupasua masikio. Wenyewe wakisoma watajijua.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Mwingi kwa sababu ya kliniki. Ana sukari, umri umeshapita sabini, lakini ukimwachia jikoni dakika tano unarudi unakuta sufuria zote zimeoshwa na sukuma imeshakatwa. Wiki nzima ametupikia yeye. Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, aliokuja nao kwenye kiondo, kunde alizokausha mwenyewe, uji wa wimbi asubuhi. Watoto wangu ambao kwangu hula kama wanalazimishwa walikuwa wakiramba sahani. Jumapili nikaona haya. Nikamwambia, "Mama, leo hutashika mwiko. Leo sisi ndio tunakutoa." Akanijibu, "Mwanangu, hizo pesa si mnunue unga?"

Ningemsikiliza.

Tulikuwa wanane: mimi na baba watoto, watoto watatu, shemeji na mkewe, na Mama. Mnajua utaratibu wa sehemu hizi. Unaenda kwenye dirisha la bucha, unachagua kipande kikiwa bado kimening'inia, kinapimwa mbele yako, kinapelekwa jikoni. Mimi hiyo ndiyo sababu napenda mbuzi choma kuliko vyakula vingine vya hotelini, kwamba nyama umeiona kabla haijaguswa na moto. Tangu 2019, zile habari za televisheni za nyama ya supamaketi kutiwa kemikali ibaki nyekundu, mimi nyama nisiyoiona ikikatwa siilipii.

Mume wangu akachagua mguu wa nyuma, mzima, mnono, una mafuta meupe kidogo pale juu ya paja. Akaongeza mbavu. Mbuzi kilo ni 1,100 hapo. Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, huwa nampata kwa 700, lakini sawa, nalipia kiti, moto na mtu wa kuniletea.

Sasa ile mizani. Ni ya kidijitali, kioo kimeelekezwa kwa muuzaji, mteja lazima ainame pembeni kama anayechungulia dirisha la jirani. Nikainama. Kabla nyama haijawekwa, kilikuwa kinasoma 0.085. Nikamwambia kijana airudishe sifuri. Akacheka, akasema, "Hiyo ni maji tu, madam." Kama ni maji, panguza! Hakupanguza. Mguu ukasoma kilo 2.3, mbavu 1.2. Gramu 85 mara mbili ni gramu 170, na kwa bei yao hiyo ni shilingi 187 za maji. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mimi muhuri sikuuona, na niliutafuta.

Hapo ndipo tungetoka. Lakini watoto walikuwa wameshafika kwenye bembea.

Tuliagiza saa saba na dakika kumi. Tukaambiwa dakika arobaini. Saa nane ikafika, ikapita. Mume wangu akaenda jikoni mara mbili, mara zote mbili nyama "iko karibu". Mimi jicho langu lilikuwa kwa Mama, kwa sababu alikuwa amemeza dawa yake ya sukari akijua chakula kiko njiani, na mtu wa sukari akimeza dawa asile, mwili unaweza kuanza kutetemeka. Hakusema kitu. Nikamwona tu anafungua mkoba polepole, anatoa karatasi, na ndani ya karatasi kuna kiazi kitamu cha kuchemsha. Alikuwa amekibeba kutoka nyumbani. Mimi namtoa kwa mbwembwe zote, yeye amebeba kiazi chake, kwa sababu ameishi miaka mingi kuliko mimi na anawajua watu.

Akaanza kukimenya chini ya meza, kama mtoto wa shule anayeiba chakula darasani.

Weita ambaye tulikuwa tumemwita nusu saa nzima bila kugeuka akatokea hapo hapo. "Shosh, samahani, chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi." Akaonyesha na kibao ukutani. Ati tukitaka kula vyetu kuna ada.

Jamani. Kiazi! Kiazi kitamu kimoja cha mgonjwa wa sukari, na nyama yenyewe hamjaleta kwa saa moja na nusu!

Nilisimama. Sitawaandikia hapa niliyosema kwa sababu nimeokoka. Mama akanishika mkono, akamwambia yule kijana kwa upole, "Mwanangu, nikianguka hapa mtaniinua?" Kijana akaondoka. Na kwa haki nimtetee kidogo, yule kijana ni wa kutumwa. Baadaye alikuja kuomba msamaha, akaniambia yuko kwa miguu tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Nyama ikaja saa tisa na nusu, imeshakatwakatwa kwenye sinia la mbao, chumvi rundo moja pembeni. Tulikuwa na njaa kiasi kwamba hakuna aliyeangalia. Kila mtu mkono sinia, mkono ugali. Mama ndiye alikuwa anakula taratibu, na baada ya muda nikaona ameacha kula. Anapanga mifupa.

Niwaeleze Mama ni nani. Marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa mbuzi. Mbuzi wa nyumbani kwao walichinjwa, wakachunwa na kugawanywa mbele ya Mama maisha yake yote, na kule kila kipande kina mwenyewe, huwezi kumpa mtu cha mwingine ukidhani hatajua. Sasa akachukua mfupa mmoja mpana, bapa, kama mwiko wa kusongea ugali, akaupangusa kwa kidole gumba, akauweka katikati ya meza. Akauliza, "Huu mguu mlionunua, ni wa mbele au wa nyuma?"

Wa nyuma, Mama.

"Basi bega limetoka wapi?"

Kimya. Shemeji yangu akaacha kutafuna. Mama akaweka wa pili kando ya ule wa kwanza. Pingili ya shingo. Ya tatu, shingo tena. Tukaanza kuchimbua sinia sote, hata watoto wakaona ni mchezo. Mfupa wa paja, ule mrefu mnene wenye kichwa cha mviringo, haukuwepo. Goti halikuwepo. Mbavu zilikuwepo, kweli, ingawa chache. Ila ule mguu wetu mnono wenye mafuta meupe ulitembea wenyewe hadi meza nyingine.

Nikaita msimamizi. Akaja na tabasamu la kuuzia. Akasema, "Madam, siku ya Jumapili nyama nyingi zinachomwa pamoja, labda zimechanganyika kidogo." Nikamuuliza, zikichanganyika, ni nani amewahi kurudi kwako analia kwamba alilipia shingo akaletewa paja? Akanyamaza. Kwa sababu jibu ni kwamba hakuna. Kuchanganyika kwenu kuna upande mmoja tu, na huo upande si wa mteja. Wale vigogo wenye magari makubwa waliokaa upande wa kivuli walikuwa wanang'ata mapaja, niliwaona kwa macho yangu nikienda chooni.

Na hili si jambo gumu. Kuna mahali nimekula, kila nyama inachomekwa waya wenye nambari ya meza na inarudi na waya wake. Kenyatta Market mchomaji anasimama mbele yako, unamwona akigeuza nyama yako, ukitaka unamwambia apunguze moto. Hawa jiko lao liko nyuma ya ukuta na kuna mlango wenye maandishi kwamba wateja wasiingie. Sasa najua ni kwa nini.

Bili ndiyo ilinimaliza. Nyama 3,850. Ugali nne 400, mukimo sahani mbili 400, kachumbari 200 (nyanya mbili na kitunguu ambacho hakikuoshwa ukali), soda tano 500, maji mawili 200. Jumla 5,550, hapo hatuna ugomvi, bei zilikuwa ukutani. Chini yake wakaongeza huduma asilimia 10, yaani 555. Chini yake tena VAT 16 na ushuru wa mikahawa 2, yaani 999. Jumla 7,104. Ukutani hakuna mahali palipoandikwa kwamba bei hizo ni kabla ya kodi.

Huduma gani? Ya kumnyang'anya bibi kiazi? Nikamuuliza yule weita kama hiyo asilimia 10 huwa inamfikia. Aliangalia kwanza msimamizi yuko wapi, kisha akatikisa kichwa.

Na hiyo VAT, naomba wenye kuelewa wanisaidie. Nilipewa karatasi ya kuandikwa kwa kalamu. Nikaomba risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki. Nikaambiwa mashine haifanyi kazi. Tulipolipa kwa M-Pesa, jina lililotokea si la hoteli, ni la mtu, majina mawili ya binadamu. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kutoza VAT anatakiwa anipe risiti ya kielektroniki ambayo KRA, mamlaka ya kodi, wanaiona. Sasa kama KRA hawaioni, ile 16 inaingia mfuko wa nani? Kodi nitalipa, nimezoea, kwenye payslip wananikata nikiwa nimelala. Kodi inayoingia mfuko wa mtu binafsi ndiyo inayonikera.

Tungekataa kulipa, lakini Mama aliona watu wameanza kugeuka kutuangalia, akasema, "Lipa twende, mwanangu, nyama imeshaliwa." Baba watoto akalipa. Tukaomba mabaki tufungiwe. Kile kifuko, shilingi 50. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 kila mtu amegeuza kifuko kuwa biashara. Jumla kuu 7,154. Mama akatia ndani yale mabaki, na juu yake akaweka lile bega na zile pingili za shingo, moja moja, bila haraka, msimamizi akiangalia.

Tulifika nyumbani Umoja saa kumi na mbili. Mama akavua viatu, akaenda jikoni. Saa moja na nusu tulikuwa tunakula ugali, kunde na yale mabaki aliyoyarusha kwenye nyanya na dania. Mtoto wangu wa mwisho akasema hii ndiyo nyama tamu ya leo. Nilitaka kulia.

NYONGEZA, usiku: Nimesoma majibu yenu. Mnaoniambia "si mngepika nyumbani", asante, sikuwa nimefikiria. Nafanya kazi siku sita, ya saba nilitaka mzee wetu akae chini ahudumiwe. Hilo si kosa. Na kuchoma kwenye balkoni mwenye nyumba ameshakataza makaa.

Mnaosema ilikuwa kondoo na si mbuzi, hapana, Mama angejua kwa harufu tu.

Yule anayesema natafuta chakula cha bure: ndugu, nimelipa 7,154. Soma tena.

Na aliyeuliza kama nina ushahidi: ninao. Mama alirudi Mwingi Jumatatu kwa basi la asubuhi na aliniachia maagizo mawili, nimalizie kunde zisiharibike, na nisitupe mifupa. Iko kwenye friza, imefungwa kwenye kile kifuko chao cha shilingi 50, karibu na samaki. Baba watoto ameuliza mara mbili itakaa humo hadi lini. Mwenye kujua ofisi ya vipimo hapa Nairobi iko jengo gani na wanafungua saa ngapi, aniambie. Ijumaa niko zamu ya mchana, asubuhi naweza kwenda na hilo bega.