Asali kwenye kidonda cha mguu wa kisukari: kiasi gani, na ibadilishwe lini?

Mtunza_Mgonjwa: Wakuu, mgonjwa ana kisukari, kidonda kiko kwenye unyayo chini ya kidole gumba, upana kama sentimita 2. Tunamimina asali mbichi ya nyuki wadogo asubuhi na jioni, juu gozi moja. Siku ya tano sasa kingo zimekuwa nyeupe na kunyauka kama vidole vya mfua nguo. Tunakosea wapi?

Gozi_na_Saline: Huo weupe ni unyevu. Asali huvuta maji kutoka kidondani, na gozi moja haiyabebi. Msimimine: joto la mwili huilainisha, ikachuruzika. Lowesheni gozi. Kipimo ni mililita 20 kwa gozi ya sentimita 10 kwa 10; kwa kidonda chenu hata kijiko cha chai hakijai. Juu yake wekeni pedi nene ya kunyonya, na ngozi ya pembeni isiyo na kidonda ipakwe vaselini kidogo. Pedi ikilowa kabla ya saa 24, badilisheni. Gozi ikiganda, ilowesheni kwa saline (maji ya chumvi ya kusafishia vidonda), msiivute.

Mzinga_wa_Pori: Na asali yenyewe: ya nyuki wadogo ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, huchacha upesi. Bei yake kubwa isiwadanganye. Asali ya hospitalini huuawa vijidudu kwa mionzi ya gama, kwa sababu mbichi inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha. Kuichemsha hakuziui, tena kunaharibu kimeng'enya kinachotengeneza peroksaidi inayoua vijidudu, sehemu ya dawa yenyewe.

Kliniki_ya_Miguu: Mnabishania asali, mgonjwa anakanyagia kidonda! Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa 2023 unashauri asali isitumike kuponyesha vidonda hivi, ushahidi wake ni dhaifu. Kwanza sugu, ile ngozi ngumu inayozunguka kidonda, ikatwe na mtaalamu, apime kama kidonda kimefika mfupani, na apapase mishipa ya damu mguuni. Kisha mguu upunguziwe uzito kwa kiatu maalumu au plasta ngumu ya kufunga mguu, kama ya mfupa uliovunjika. Kandambili hapana. Wekundu ukipita sentimita 2 kutoka ukingoni, homa, au kidole kuwa cheusi: hospitali siku hiyohiyo.

Mtunza_Mgonjwa: Lakini hasikii maumivu kabisa, hata tukibonyeza.

Kliniki_ya_Miguu: Hiyo ni ganzi, mkuu. Ndiyo maana anaendelea kukikanyagia. Mpelekeni kesho asubuhi, na kiatu anachovaa mkibebe.