Troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha moyo umeumia) imepanda baada ya upasuaji wa nyonga, kifua hakiumi: tuanze dawa gani?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, naomba msaada. Mama wa miaka 71, kilo 58, kafanyiwa upasuaji wa nyonga juzi. Troponini T kabla ya upasuaji 18 ng/L, jana 74, leo 81. Kifua hakimuumi, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) haijabadilika. Presha 104/62, mapigo 108, Hb (wingi wa damu) 7.4 g/dL, kreatinini (kipimo cha figo) 98 µmol/L. Nyumbani hatumii dawa yoyote. Tumpe aspirini, statini (dawa ya kolesteroli) na metoprololi (dawa ya kupunguza mapigo ya moyo) kwa pamoja?

Daktari_wa_Ndani: Kutoumwa kifua kusikutulize. Baada ya upasuaji wengi hawasikii chochote, hasa wakiwa kwenye mofini. Kwanza tafuta kinachoumiza moyo: kwa Hb hiyo moyo unakimbia huku oksijeni inayoufikia ni haba. Mwongezee damu, chupa moja moja, mpaka Hb ifike 8 au zaidi. Chunguza pia maambukizi na donge la damu kwenye mapafu. Hayo nayo hupandisha troponini, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Atorvastatini (aina ya statini) 40 mg aanze usiku huu. Aspirini 75 mg kwa siku, lakini daktari wa upasuaji aangalie bendeji kwanza. Kama bado inalowa damu, subirini. Metoprololi hapana. Utafiti wa POISE wa 2008 uliianzisha saa chache kabla ya upasuaji: mashambulio ya moyo yalipungua, vifo na viharusi vikaongezeka.

Mfamasia_Wodini: Hb ikitulia, fikirieni dabigatrani (dawa ya kuzuia damu kuganda) 110 mg mara mbili kwa siku. Katika utafiti wa dawa hiyo uitwao MANAGE (2018, wagonjwa 1754) matatizo makubwa ya mishipa yalikuwa 11% dhidi ya 15% kwa wasioipata. Uwezo wa figo zake kuchuja, kwa umri, uzito na kreatinini: (140−71) × 58 × 1.04 ÷ 98, takriban mililita 42 kwa dakika. Ikishuka chini ya 30, usimpe. Isiende pamoja na sindano za enoksaparini (nazo huzuia damu kuganda), wala kwa anayetumia rifampisini (dawa ya kifua kikuu). Akiwa na aspirini pia, mlinde tumbo kwa omeprazoli.

Zamu_ya_Usiku: Dawa anapewa kwa mpira wa puani. Kapsuli tuifungue?

Mfamasia_Wodini: Hapana! Vipunje vikitolewa kwenye ganda lake, dawa inayoingia kwenye damu huongezeka kwa takriban 75%, na mgonjwa huyu hana damu ya kupoteza. Wala msiihamishie kwenye vibahasha, unyevu huiharibu. Asubiri mpaka ameze mwenyewe. Aspirini ya kawaida na atorvastatini zinasagika.

Daktari_wa_Ndani: Na akiruhusiwa, namba zote za troponini ziandikwe kwenye karatasi yake pamoja na dawa za kuendelea nazo. Zisipoandikwa, kliniki ya mifupa itakagua mshono tu.